Nyuma Isiyofuata Mbele

Baba mkubwa ndiye wa kwanza kuutaja ugonjwa wa lile gari, na kuutaja huko ndiko kulikomponza.

Lilikuwa gari la spoti la kaka yangu, jekundu, la milango miwili, lililozaliwa kabla yangu mimi. Kaka alikuwa dereva wa Mtaliano mmoja pale Malindi, na huyo Mtaliano alipofunga nyumba yake akarudi kwao, alimwachia. Kaka akaligeuza gari la maharusi. Utaliona limefungwa utepe mweupe mbele, bibi harusi amejibana kando ya dereva na shela lake. Kwetu Tezo, katikati ya mikorosho, hapakuwahi kuingia kitu kizuri kama kile. Baba alilipenda kuliko kaka mwenyewe. Haki ya Mungu, nadhani alilipenda kuliko sisi wanawe.

Siku moja kaka alimpakia baba mkubwa, kaka yake baba, akampeleka Kilifi kupimwa macho. Waliporudi, mzee alishuka ameushikilia mlango, akasema mbele ya watu waliokuwa uani: "Gari hili nyuma yake haifuati mbele. Litaua mtu."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Mimi ni dereva, nasambaza maziwa kutoka Mariakani, na maziwa yakihamia upande mmoja kwenye kona yanakufunza adabu upesi. Nikamvuta kaka kando, nikamuuliza. Akakiri. Kwenye kona, alisema, mbele inaingia vizuri, halafu mkia unatoka wenyewe, kama mtu amekusukuma kiunoni. Kukiwa na abiria ndiyo zaidi.

Alikuwa ameshatafuta. Alianza na matairi ya Mtaliano, yaliyokuwa na meno yote lakini magumu kama kifuu, maana tairi huzeeka hata likikaa tu. Akaweka mengine. Ikawa nafuu kidogo, kisha ugonjwa ukarudi. Akapunguza upepo, akaongeza upepo. Akabadilisha shokamzoba za nyuma. Wapi! Hapo baba akaanza wimbo wake: "Kuna mkono wa mtu hapa." Na mtu mwenyewe hakuwa na haja ya kumtaja, kwa sababu ni mmoja tu aliyesema litaua. Kichwa cha baba mkubwa kilikuwa cheupe chote, na kwetu siku hizi mvi ni kesi ya uchawi.

Kaka akaacha kutafuta. Akafunga hirizi chini ya kiti. Nilipandwa na hasira. "Hirizi hiyo ndiyo itakayoshika lami?" nilimuuliza. Akanicheka: "Wewe nenda kapeleke maziwa, yataganda."

Baba naye alikuwa na dawa yake. Chumvi ya bahari inakula magari yetu kwa chini, kila mtu wa pwani anajua. Basi kila Jumamosi alichanganya oili chafu na dizeli, akatia kwenye bomba lile lile la kupulizia mikorosho, akajilaza chini ya gari na kulipulizia lote mpaka likachuruzika. Wengi hufanya hivyo, tena wao mara moja moja. Baba hakukosa wiki. Gari lilipoanza kusumbua, akazidisha.

Kaka alikufa akirudi kutoka Malindi, harusi imekwisha, manyunyu yakidondoka. Kwenye kona ya kuingilia kwetu mkia ulitoka, gari likazunguka, likauvaa mnazi kwa ubavu wa dereva. Nilifika kabla hawajamtoa. Utepe mweupe ulikuwa bado umefungwa mbele, haujachafuka hata kidogo, na mimi nikaukata kwa meno kwa sababu sikuweza kuvumilia kuuona pale.

Matanga hayajaisha, vijana wakaanza kupita mbele ya nyumba ya baba mkubwa na mapanga, wanayaburuza chini makusudi yasikike. Kikao kikapangwa. Kila mmoja alijua kinachofuata kikao cha namna hiyo. Kuna mzee wa jirani tuliyemkuta amekatwakatwa katika shamba lake la mihogo, na hakuna aliyeulizwa. Nilimwendea baba mkubwa, nikamwamkia. Aliitikia "Marahaba, mwanangu" kwa sauti ile ile ya siku zote, akaendelea kukaa mlangoni pake na fimbo yake. Niliogopa kwa niaba yake.

Gari lilikuwa limevutwa mpaka uani kwetu. Ubavu ulikuwa umebonyea, lakini nyuma ilikuwa nzima. Nikavaa ovaroli yangu ya kazini. Nikaukandamiza mkia kwa uzito wangu wote: ukashuka, ukapanda, ukatulia. Shokamzoba hazina kosa. Matairi nayo yalikuwa laini, kucha inazama. Nikaingia chini na mtaimbo, nikaupenyeza kwenye chuma kinachoshika gurudumu la nyuma, nikasukuma.

Gurudumu likageuka. Ala! Gurudumu la nyuma halina usukani, linageuka liende wapi? Nikatia kidole kwenye bushi, ule mpira unaokibana chuma hicho kisicheze. Kidole kilizama. Kikatoka na uji mweusi, kama lami ya jua kali. Upande wa pili vivyo hivyo. Kwa hiyo gari likiingia kona na uzito ukihamia, gurudumu la nyuma lilikuwa linajichagulia njia yake. Hapana mchawi. Mpira ulikuwa umeoza.

Nilinusa kidole. Kilinuka dizeli. Nililia pale chini, uso umejaa vumbi, kwa sababu nilijua ni bomba la nani.

Kwenye kikao niliutandaza ule mpira juu ya gazeti mbele ya wazee. Nilisema: hiki ndicho kilichomuua kaka. Wakapokezana, wakanusa. Mmoja wao, aliyekuwa ameshatoa methali yake ya kikulacho ki nguoni mwako huku akimtazama baba mkubwa, aliniuliza: "Na nani aliuharibu?"

Nikamgeukia baba. Alikuwa anautazama mpira. Alichukua kipande kidogo, akakisugua kati ya vidole viwili, akakileta puani. Uso ukamshuka.

Baba mkubwa aliuona uso huo pia. Alisimama kabla sijafungua mdomo. "Msimuulize mtoto," alisema. "Niulizeni mimi. Mimi nitahama. Leo hii nitahama, mniache nitoke salama."

"Ni oili!" nilipiga kelele. "Ni oili na dizeli, mpira hauvumilii, muulizeni fundi yeyote!" Lakini mtu ameshasema atahama, nani anataka fundi? Kwao hilo lilikuwa ungamo. Ndipo nikamsikia baba yangu, kwa upole kabisa: "Ana uchungu wa ndugu yake huyu. Mtoeni nje."

Walinitoa.

Baba mkubwa sasa anaishi Malindi, kwenye makao ya wazee waliokimbia kwao kama yeye. Macho hayaoni tena. Nikipita na maziwa humpelekea. Niliwahi kumuuliza kwa nini alinikatiza. Akasema, "Baba yako alikuwa ameshazika mtoto. Ulitaka azike na nini tena?" Nilikasirika naye, na bado nimekasirika.

Baba hajakanyaga huko hata siku moja. Bomba lilipotea, mikorosho yetu haipuliziwi tena, na hakuna anayeuliza. Ila kila ninapoondoka nyumbani hunifuata mpaka kwenye gari, hushika mlango, huniuliza pasipo kunitazama:

"Hajasema kitu?"

"Hajasema, baba."

"Haya," husema, na kunikabidhi mfuko wa korosho zilizobanguliwa. "Mpelekee kaka yangu hizi."