Onja Kwanza

Kwetu mwenye kinywaji ndiye anayeanza kukinywa. Unamimina, unapiga funda moja mbele ya mgeni, unafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, ndipo unampa. Wanaita kutoa sumu. Ukilisikia mara ya kwanza ni neno baya, lakini hapa Itigi hakuna anayelisikia tena. Ni adabu tu, kama kuvua viatu mlangoni. Nimewatolea sumu wakwe zangu, wanunuzi wa asali na mafundi waliokuja kuezeka nyumba, na sikumbuki hata mmoja aliyefikiria sumu yenyewe.

Mtu mmoja tu sikuwa namtolea. Alikuwa jirani yangu, tunayepakana naye kwa ua wa miti, mstaafu wa reli kama mimi. Mimi nilikuwa karani wa mizigo stesheni, yeye alikuwa akisafiri na treni, akilala Kigoma leo na Dodoma kesho kutwa. Siku moja, zamani, nilikuwa nimeinua kibuyu nipige lile funda la kwanza, akaninyang'anya mkononi, akanywa.

"Mzee, utachelewesha watu kwa mambo ya ukweni," alisema. "Sisi tumeshavuka hapo."

Tangu siku hiyo sikuonja tena mbele yake. Nilikuwa nikimpa, anakunywa. Sikuwahi kumwambia jinsi jambo lile lilivyonifurahisha. Nina watoto walionisomea mpaka vyuo, nina hati ya kustaafu kwa heshima, lakini kitu nilichojivunia moyoni ni kwamba kuna mwanaume mmoja anakunywa kwangu bila kuangalia.

Kinywaji chenyewe nilikitengeneza mimi. Mke wangu anakiita pombe, mimi nakiita mvinyo, na tumezeeka bila kukubaliana. Nachukua asali ya vichaka vya huku kwetu, ile nyeusi kidogo, naichanganya na maji ya uvuguvugu, natia chachu, naiweka kwenye pipa la plastiki karibu na jiko. Ikishaanza kutulia nakamulia zabibu. Mche wa mzabibu niliutoa Dodoma, kijiti kisichozidi shubiri, nimekifunga kwenye gunia bichi. Watu walinicheka kwamba udongo huu hautaki zabibu. Ulikubali. Leo umepanda juu ya kichanja nyuma ya nyumba, na kivuli chake kinatosha viti vinne.

Pembeni ya kichanja ndipo ilipo bustani. Vitunguu matuta matatu, mchicha, nyanya chungu, mipapai miwili. Jioni nilikuwa namwagilia mimi, jirani anasimama na mikono nyuma akinielekeza kana kwamba ni yeye aliyenifundisha kulima. Jumamosi mke wangu alikuwa akichinja kuku. Ugali wa uwele, kuku aliyekaangwa kwa mafuta ya alizeti, na bakuli la mlenda ambalo jirani hakuacha kulisema.

"Mnyaturu akifika peponi ataanza kuulizia mlenda," alisema, akilitania kabila langu huku akichovya tonge.

"Na Mnyiramba ataulizia wapi wanakula bure," nilimjibu, nikimrudishia kwa kabila lake.

"Shemeji, umesikia? Anahesabu matonge yangu."

"Mwache," mke wangu alisema. "Kula, baba. Huyo ana wivu kwa sababu wewe unasifia."

Jumamosi hizo ndizo zilizotuzalia wazo la kupanda meli ya ziwani. Yeye alikuwa ameiona mara nyingi pale Kigoma, ikiwa imefunga gatini wakati treni yake inasubiri kugeuza. Hakuwahi kuipanda. Kazi haikumruhusu, baadaye watoto hawakumruhusu, halafu tukawa wazee. Tukakubaliana kwamba tutapanda treni hapa Itigi mpaka mwisho wa reli, tupande meli, tuteremke nayo ziwani kuelekea kusini na kurudi nayo, bila shughuli yoyote. Si msiba, si harusi, si matibabu. Tukae tu kwenye viti, tutazame milima, tule samaki wa huko, migebuka ya kuchoma.

Watoto wetu hawakuelewa. Mwanangu alipiga simu kuuliza kama kuna mtu anaumwa Kigoma.

"Utatapika wewe," nilimwambia jirani.

"Mimi? Nimelala kwenye behewa ujana wangu wote."

"Behewa halielei."

"Linayumba. Wewe utajuaje, umekulia maji ya kisima."

Tulizungumza hivyo misimu miwili. Nilikwishapanga kubeba chupa mbili za mvinyo nilizoziacha zikae zaidi ya nyingine, za kufungulia majini.

Halafu jirani akaumwa. Ilianza Jumapili, baada ya jioni ya kawaida kabisa chini ya kichanja. Tumbo, homa, akadhoofu mpaka suruali ikawa inamvuka. Hospitali walisema ni taifodi, wakamtibu, akapona taratibu. Nilikuwa naenda kumtazama. Namkuta amelala, au naambiwa amelala. Ndugu za mke wake walikuwa wamejaa pale, wametoka kwao Mitundu kuuguza, na walinisalimia vizuri. Shikamoo zote nilizipata.

Nikaanza kumpelekea vitu vya bustanini. Papai lililoiva, fungu la mchicha. Mke wake alikuwa akipokea getini, anashukuru kwa mikono miwili. Asubuhi moja nikiwa napalilia nilitazama upande wa pili wa ua nikaona kuku wao amefungwa mguu kwa kamba kwenye kigingi, peke yake, na mbele yake umewekwa mchicha wangu uliokatwakatwa. Mke wa jirani alikuwa amekaa kwenye kigoda anamwangalia yule kuku anavyokula.

Nilicheka. Nikaingia ndani nikamwambia mke wangu, "Jirani wananenepesha kuku kwa mchicha wangu."

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakucheka. Akasema, "Waache," akaendelea kuchambua.

Sikuuliza. Hilo ni kosa langu la kwanza, na simpakazii mtu mwingine. Mtu akikaa miaka mingi na mkewe anajua ukimya upi ni wa uchovu na upi una jambo ndani.

Jirani alipopata nguvu alikuja mwenyewe uani kuniambia safari iko palepale. Alikuwa amekonda lakini uso ulikuwa wake. Tukachagua wiki. Nikasema basi, siku ya kuamkia safari waje majirani wachache kwangu, wale kidogo, watuage. Akasema, "Sawa. Waite watu. Waite na shemeji zangu pia." Niliona ni ukarimu.

Wakaja saa kumi alasiri. Majirani wa mtaa, mashemeji zake wawili, wake zetu. Viti havikutosha, wengine wakakaa kwenye mkeka. Mke wangu alikuwa amepika vizuri kuliko siku zote. Nikatoa mvinyo, nikachota kibuyu cha kwanza, nikampa jirani yangu, kama ilivyokuwa siku zote, bila kuonja.

Alikipokea. Akakishika kwa mikono miwili. Hakukipeleka mdomoni. Akanirudishia.

"Onja kwanza, mzee mwenzangu," alisema.

Nilidhani anatania. Nikamtazama nikitafuta kicheko kwenye pembe ya mdomo, pale kinapoanziaga. Hakikuwepo. Mashemeji zake walikuwa wameacha kuzungumza.

"Nionje nini?" nilisema.

"Ni desturi tu. Onja, unipe."

"Desturi hiyo uliiondoa wewe mwenyewe."

"Basi leo nairudisha. Onja, mzee."

Alisema kwa sauti ya chini, karibu kama anayeomba. Leo naisikia hivyo. Siku ile nilisikia kitu kimoja tu: kwamba mbele ya mtaa mzima, mtu wangu mmoja ananiuliza kama nimetaka kumuua. Ndipo kuku yule aliyefungwa kigingini aliponirudia akilini, na fungu la mchicha alilokuwa akionjeshwa, na wake zetu wote wawili, mmoja akimtazama, mwingine akisema waache. Niligeuka nikamwaga kibuyu chote kwenye tuta la vitunguu.

Mtu asiye wa kwetu anaweza kuona kwamba hiyo ni hasira ya mzee, basi. Lakini kwetu mtu akiambiwa atoe sumu na akamwaga, amejibu. Hakuna ushahidi mwingine unaotakiwa. Nilikuwa nalijua hilo tangu utoto, nilikuwa nalijua wakati mkono unageuka, na bado nilimwaga, kwa sababu niliona kama nikionja nitakuwa nimekubali kwamba swali lilistahili kuulizwa.

Mama mmoja kwenye mkeka alisema, "Haya," akaanza kutafuta kandambili zake. Wakaondoka mmojammoja, kwa heshima, wakiaga. Chakula kilibaki kwenye masufuria. Jirani alisimama mwisho. Akamfuata mke wake.

"Ungeugusa tu kwa ulimi," mke wangu alisema tulipobaki wawili. "Ulimi tu, baba."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Mtaa mzima ulikuwa unajua."

"Wanasema namwekea nini?"

"Wanasema hiyo zabibu si bure. Imekubali udongo usioitaka. Wanasema unamnyonya nguvu, ndiyo maana yeye amekonda na wewe unapanda matuta."

"Na wewe hukuniambia."

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungeenda kupiga kelele getini kwao, halafu ingekuwa kweli zaidi." Akafunika sufuria la kuku. "Nilijua yeye atalimaliza mwenyewe. Aliniambia atalimaliza."

Nilimwomba arudie. Akarudia polepole, huku akinitazama usoni. Ndugu za mke wa jirani walikuwa wamemkataza kusafiri na mimi. Jirani aligombana nao wiki nzima. Mwisho akawaambia, njooni kwake, nitamwambia aonje mbele yenu, ataonja, nitakunywa, na mtafunga midomo. Alikuwa amenitengenezea mlango. Nilichotakiwa kufanya ni kupiga funda moja la kinywaji changu mwenyewe.

Nilikaa na jambo hilo usiku na mchana wake. Sitadanganya kwamba hasira iliisha. Ilihama tu, ikawa haina pa kukaa. Nilimkasirikia mke wangu kwa kunificha. Nilimkasirikia jirani kwa kunifanyia hesabu nyuma ya mgongo, kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano huku akiambiwa anaenda sokoni. Neno moja tu uani, "Kesho nitakwambia uonje, usikasirike," lingetosha. Na nilijikasirikia mimi. Hayo yote yalikuwa kweli kwa wakati mmoja.

Jirani alisafiri na shemeji yake mmoja. Nilisikia treni ikipiga honi ikitoka stesheni. Mimi nilikuwa nimesimama bustanini na ndoo.

Aliporudi nilisubiri siku mbili, nikamwita uani. Alikuja. Tulisimama, yeye kwake, mimi kwangu.

"Nimeambiwa ulikuwa unanitetea," nilisema.

"Nilikuwa."

"Kwa nini hukunidokeza?"

"Ningekudokeza ingekuwa mchezo wa kuigiza. Wangekuona usoni. Wewe huwezi kuficha kitu, hata karata huwezi." Akang'oa jani kavu kwenye ua. "Na sikufikiria kwamba kuna haja. Nilisema, huyu ataonja tu. Atanitukana, lakini ataonja."

"Ulinidhalilisha mbele ya watu."

"Na wewe ulinimwagia mbele ya watu. Niliwaambia mashemeji zangu, namjua huyu kama kiganja changu. Sasa wananiuliza nilikuwa namjua wapi."

Nikamuuliza kama na yeye anaamini.

Hakujibu upesi. Hilo ndilo lililonikata, kwamba hakujibu upesi. "Mchana siamini," alisema. "Tumbo likiuma kidogo, naanza kufikiri."

Nikamuuliza habari za meli, maana nilitaka kweli kujua. Akasema alitapika tangu ilipong'oa nanga. Milima aliiona kwa jicho moja. Migebuka waliichoma karibu kabisa na kiti chake na hakuweza hata kunusa. Shemeji yake alilala safari nzima.

"Nilikwambia," nilisema.

"Ulisema," akajibu, na kwa muda kidogo tulikuwa karibu kucheka. Mke wake akaita kutoka ndani. Akaenda.

Baada ya mavuno waliuza nyumba na kuhamia Kiomboi, karibu na binti yao. Asubuhi ya kuondoka gari lilikuwa limepakiwa tangu alfajiri, masufuria na jiko na vitanda vimefungwa kamba. Mke wangu alichinja kuku bila kuniuliza. Alipika kila kitu, hata mlenda, akaenda mwenyewe getini kwao kuwaita.

Waliingia wakasimama penye kichanja. Mke wangu alikuwa amepanga sahani, ameweka maji ya kunawa. Jirani alitazama chakula, kisha akamtazama mke wake. Mke wake alikuwa anatazama gari.

"Tumeshakula, shemeji," jirani alisema. "Asante sana. Tumeshiba kabisa."

Sote tulijua jiko lao lilikuwa juu ya gari kabla jua halijatoka. Mke wangu akasema, "Haya, baba. Safari njema." Nikampa jirani mkono, akaushika kwa mikono yake miwili, akaushika sana, lakini hakuketi.

Gari lilipoondoka mke wangu akaketi, akaninawisha mikono. Tukala wawili. Kuku alikuwa amekaangwa vizuri, na mlenda ulikuwa mwingi kuliko tulivyoweza kumaliza.