Anza Wewe, Mama Careen

Nani alimuua Ntirampeba? Kule Titye kila mtu alikuwa na jibu lake, na wambea walikuwa nayo mawili. Mgombea ubunge huyo alikunywa pombe ya ndizi baada ya mkutano wa kampeni mwaka tisini na tano, akapanda gari, akakata roho kabla ya kufika Kasulu mjini. Kampeni za 2015 zilipoanza, maneno yakafufuka. Hawa wakasema kamalizwa na chama chake mwenyewe. Wale wakaapa kuwa wauaji walivuka mpaka pale Manyovu. Wengine wakamtaja kaka yake wa tumbo moja, kisa shamba.

Theodosia alizipima habari zote hizo huku akikamua ndizi. La chama lilimwingia akilini kidogo. La kaka alilitupilia mbali, maana yule bwana hata kuku alimwogopa. Alikuwa na haki ya kupima. Pombe ile aliitengeneza yeye, na kibuyu cha mgombea alikijaza kwa mkono wake. Waliokunywa kwenye mtungi hawakuugua hata tumbo. Angeozea jela kama si mumewe, Venanti.

Kwao mgeni hapewi pombe kabla mwenye nyumba hajaionja mbele yake. Venanti ndiye aliyekabidhi kibuyu kile, na watu wote walimwona akiuweka mrija mdomoni kwanza. Polisi walipokuja aliwaapia, "Nilikunywa kabla yake. Mbona niko hai?" Mambo yakaishia hapo, na Theodosia akampenda mumewe upya.

Tena tangu msiba ule Venanti akawa na adabu ya ajabu mezani. Hagusi chakula mpaka mkewe aanze. "Anza wewe, Mama Careen," husema, na kusubiri. Wanawake wenzake, ambao waume zao humaliza nyama kabla wao hawajanawa, walimwonea wivu, naye hakuwanyima sababu. Kisimani alijigamba mpaka wakamchoka.

Jumapili moja ya Septemba Venanti alisimikwa kuwa mzee wa kanisa lake la walokole. Theodosia ni Mkatoliki, lakini siku hiyo alimsindikiza. Mumewe akasimama kutoa ushuhuda.

"Niliokoka Kibondo, nikiwa kwenye kazi ya kuezeka, mwezi wa sita mwaka tisini na tano. Nilimficha mke wangu mwaka mzima, maana anauza pombe. Lakini tangu siku ile tone la pombe halijagusa ulimi wangu."

Watu wakapiga makofi. Theodosia naye akaanza kupiga, kisha akaacha. Mkutano wa Ntirampeba ulikuwa mwezi wa kumi, mwaka ule ule.

Wakafika nyumbani. Akasonga ugali, akapakua maharage, ndipo akauliza, "Baba Careen, ule mrija hukuuvuta?"

"Niliugusisha mdomo tu."

"Na polisi ukawaapia."

"Ningefanyaje? Alipokufa nilikumbuka wale watu wa mgombea mwingine walivyokupa kitenge. Nikajua wamekununua. Ningesema kweli, wangekunyonga. Nilikusitiri, mke wangu. Na kila siku nakuombea usamehewe."

Theodosia alikaa chini. Kitenge kile kiligawiwa wanawake wa kijiji kizima. Hata mama mkwe wake alikivaa mpaka kikachanika. Katika maneno yote aliyoyapima, hili halikuwahi kumfikia: kwamba muuaji ni yeye, na aliyemhukumu analala ubavuni mwake. Amezaa naye, amemuuguza, na mume huyo hakumuuliza hata mara moja. Afadhali angempeleka mahakamani. Huko angalau mtu huulizwa kabla ya kuhukumiwa.

"Hukuniuliza," alisema.

"Ningekuuliza nini? Yameshapita. Tule."

Venanti akanawa mikono, akaikung'uta maji, akangoja kama kawaida yake.

"Anza wewe, Mama Careen."

Theodosia alimtazama. Miaka yote ile alidhani anapendwa, kumbe alikuwa akionjeshwa. Akakumbuka majigambo yake kisimani, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Akaisukuma sahani mbele ya mumewe.

"Leo anza wewe."

Venanti aliutazama ugali, akamtazama mkewe, akautazama tena ugali. Mkono wake ulibaki pale pale, juu ya goti, ukidondosha maji.