Koili Moja Iliyobaki Nzima

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka hata sasa ninapotafuta miwani ilhali nimeivaa. Ni siku niliyopakia mota iliyoungua kwenye pikapu ya shamba, pale Mazinde, nikaipeleka Korogwe mjini ikasukwe upya, huku moyoni nina hakika kabisa kwamba namjua aliyeiunguza.

Nakusimulia kwa sababu uliniuliza. Wiki iliyopita, kampuni ile inayotengeneza transfoma na mitambo ya kusawazisha umeme wa viwandani ilipotimiza nusu karne, uliniona mimi na mzee Athumani Mhina wa Misima tumekalishwa mstari wa mbele pamoja na wakubwa. Ukaninong'oneza, "Bibi, ninyi hamjawahi kufanya kazi hapa. Mnahusianaje na watu hawa?" Nikakwambia ungoje. Swali zuri halijibiwi kwenye kelele za spika.

Basi sikiliza. Nilikuwa binti wa Magoma, nimetoka chuo cha ufundi na cheti ambacho hakijapata hata kunjo moja. Nikaajiriwa fundi umeme katika kiwanda cha mkonge. Enzi hizo mwanamke akipanda nguzo, watu walisimamisha baiskeli watazame, nami, Mungu anisamehe, nilipenda kutazamwa. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuiangalia korona, mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki singa tupu, zile nyuzi nyeupe. Korona ikisimama, majani yaliyokwisha kukatwa yanaharibika uwanjani, na jasho la wakataji limekwenda bure.

Mwendeshaji wake alikuwa Athumani. Mzigua mpole, mchache wa maneno, shule hakufika mbali. Mota ya korona ilipoungua mara ya kwanza tulisema ni bahati mbaya. Ilipoungua mara ya pili, hata miezi miwili haijaisha, meneja aliniita ofisini akaniuliza sababu.

Sababu sikuijua, mwanangu. Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa: niliona aibu kusema sijui. Nikasema, "Mwendeshaji anashindilia majani kupita kiasi. Ni uzembe."

Athumani alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Akasema taratibu, "Fundi, mota ile huanza kuguna hata kabla sijaweka jani moja. Na taa iliyo juu yangu hufifia."

"Umeme hausikilizwi kwa masikio," nikamkatiza. "Umeme unapimwa."

Wala sikuwa nimeupima. Siku hiyohiyo akaambiwa arudi kwao mpaka atakapoitwa. Nilimwona akipita katikati ya wenzake na furushi lake begani, akiwa amepewa jina jipya, mzembe. Maji yakimwagika hayazoleki, na maneno ni hivyohivyo.

Kule Korogwe kulikuwa na mzee mmoja Msambaa, Mzee Shemweta, aliyesuka koili za mota, zile nyaya za shaba zinazozungushwa ndani yake, tangu ujana wake. Nilipomwamkia aliitikia marahaba bila kunitazama, macho yapo kwenye mota. "Nani kaiua hii?" akauliza. Nikamweleza habari za Athumani kwa ufasaha mkubwa, kama wakili. Yeye anafungua bolti tu. Alipomaliza akaniita.

"Njoo utazame, mama. Usitazame kama fundi. Tazama kama mtu anayechagua nyanya."

Ndani ya mota ya namna ile kuna mafungu matatu ya koili, na umeme huja kwa njia tatu, ambazo sisi mafundi tunaziita fezi. Mafungu mawili yalikuwa meusi kama mkaa. La tatu lilikuwa zima, shaba yake inang'aa kana kwamba imesukwa jana.

"Haya niambie," akasema Mzee Shemweta. "Majani ya mkonge yana akili gani hata yaunguze mafungu mawili na kulionea huruma la tatu?"

Nikainama nikaligusa lile fungu zima kwa kidole.

"Mota iliyolemewa na kazi huungua pande zote. Hii imekuwa ikilishwa kwa njia mbili, ya tatu haina kitu, na kazi inataka ifanye ileile. Imekufa kwa njaa, wewe unasema kwa shibe. Huyo mwendeshaji alikwambia nini?"

"Alisema inaguna. Na taa inafifia."

"Nawe ukamjibu nini?"

Nilimwambia nilichojibu. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Alisema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye anashinda na mashine ile kutwa nzima, wewe unaitembelea. Cheti kilikupa ruhusa ya kuuliza. Ruhusa ya kuhukumu kabla ya kuuliza uliipata wapi?"

Nilirudi na aibu, lakini nikwambie kweli, aibu haikuwa peke yake. Kulikuwa na swali lililonikera kama mbegu iliyonasa kwenye jino: hiyo njia ya tatu, umeme wake ulikuwa unapotelea wapi? Na aliyekuwa na mwanzo wa jibu nilikuwa nimekwisha kumfukuza.

Kesho yake nilipanda basi la Handeni, kisha nikaomba kubebwa kwa baiskeli mpaka Misima. Nilimkuta Athumani anapalilia mahindi na mkewe. Mke aliniletea maji na kigoda. Athumani aliendelea na jembe mpaka mwisho wa tuta, ndipo akaja.

"Nimekuja kukuuliza," nikasema. "Huko kuguna huanza saa ngapi?"

"Mbona hukuuliza siku ile?"

"Kwa sababu nilikuwa mjinga, na niliogopa kujulikana."

Akaegemea mpini wa jembe. "Huanza mashine ya kufunga marobota ikiwashwa. Haikosei. Lakini fundi, uliniita mzembe mbele ya watu. Jina langu utalirudisha mbele ya nani?"

"Mbele ya watu walewale."

"Basi nitakuja nisikie."

Nilimwomba meneja tutafute msaada, naye akawaandikia watengenezaji wa transfoma yetu. Kampuni hiyo wakati ule ilikuwa bado changa. Wakamtuma fundi wao na kisanduku cha kurekodi umeme, kinachochora mistari juu ya karatasi usiku na mchana. Mota ilikuwa imekwisha kusukwa na kufungwa tena, naye akasema kisanduku kitakaa siku saba. Mimi nikaomba kitu kimoja zaidi: Athumani arudishwe kwenye korona kwa siku hizo, na kila atakaposikia mguno aandike saa kwa mkaa ukutani.

Mwanangu, sijawahi kuisubiri sikukuu kama nilivyozisubiri siku zile saba. Siku ya mwisho tulitandaza karatasi sakafuni, chini ya ukuta ule uliojaa alama za mkaa. Fundi wa kampuni alisoma saa kwenye karatasi, mimi nikatafuta ukutani. Ya kwanza ipo. Ya pili ipo. Kila mashine ya marobota ilipowashwa, mstari mmoja kati ya mitatu uliporomoka, na ukutani kulikuwa na alama ya mkaa. Yule fundi alivua miwani akamgeukia Athumani. "Ndugu yangu, wewe uliijua habari hii bila karatasi."

Tukafuata waya, nguzo baada ya nguzo, mpaka ile ya tatu iliyo ndani ya uzio wetu. Nilipanda mwenyewe. Juu kabisa nikakuta kiungo kilicholegea, kimeungua, kimekuwa cheusi. Mashine nyingine ikivuta umeme mwingi, kiungo kinashindwa kupitisha, na njia ile inakufa kwa mota ya korona.

Kiungo kile nilikifunga mimi. Nilikikumbuka vizuri, kwa kuwa siku ile watu walisimama chini wakinishangilia, nami nikakaza upesiupesi ili niwapungie mkono.

Nilikaa juu ya nguzo kwa muda mrefu. Ningeweza kukikaza kimyakimya, nikashuka nikasema ni kutu. Hakuna ambaye angejua. Lakini chini yangu alikuwa amesimama mtu mwenye jina lililochafuka, ananitazama.

Asubuhi iliyofuata, wakati wa kuitwa majina, nilisimama mbele ya wakataji, wabebaji na waanikaji. Nikasema, "Athumani hakuunguza mota. Kiungo kibovu kiliunguza, na nilikifunga mimi. Mzembe nilikuwa mimi." Mama mmoja mwanikaji akasema kwa sauti, "Alhamdulillahi, angalau imesemwa." Meneja alinipa barua ya onyo. Athumani alinipa mkono. Barua ile ninayo mpaka leo, nimeitunza vizuri kuliko cheti.

Kampuni ilitufungia kifaa kinachoizima mota mara tu njia moja inapolegea, na mota ile iliyosukwa upya ilizeeka pale pale ilipowekwa. Lakini walichokichukua wao kwetu ni kikubwa zaidi: tangu hapo, fundi wao akifika kiwandani, kabla ya kufungua kisanduku chochote, hutakiwa kukaa na mwendeshaji wa mashine amwulize anasikia nini. Ndiyo maana walitukalisha mbele.

Sasa nisikilize, wewe unayeanza kazi. Usione haya kusema sijui. Neno hilo linafungua mlango, na kujifanya unajua huufunga. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kitu kikiharibika, kitazame chenyewe kabla hujamtazama mtu, na ukimtazama mtu, anza na wewe mwenyewe. Anayeishika mashine kila siku mheshimu, hata kama hajui kuandika jina lake. Na ukimvunjia mtu heshima hadharani, usiende kumwomba radhi uchochoroni. Kosa lirekebishwe palepale lilipotendeka.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe mikono isiyo na papara na masikio yasiyo na kiburi. Akupe watu wa kukuonya mapema, na moyo wa kuwashukuru. Kazi yako iwashe taa za wengine, na jina lako libaki safi vinywani mwao. Amina.