Mbishi Mwenzangu wa Kasulu

Tangu jirani yangu afariki, sina mtu wa kubishana naye. Walimu wenzangu wapo, tena wananiheshimu kupita kiasi. Nikianzisha jambo la dini ofisini wanaitikia "sawa, mwalimu" na kurudi kwenye simu zao. Jirani yangu hakuwahi kuniambia sawa. Leo ningetoa chochote nilicho nacho nisikie "hapana" yake moja tu kutoka ng'ambo ya ua.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimelelewa chuoni, nimechapwa na maalim mpaka Juzuu ikaingia kichwani, na mdomo wangu, wanaonijua wanajua, hauna pazia. Serikali ilinileta Kasulu kufundisha Kiswahili. Nyumba niliyopewa ilipakana na ya nesi mmoja wa zahanati, Muha wa Makere, mlokole wa kupindukia. Mimi mtalaka, yeye mjane, katikati yetu ua wa michongoma wenye tundu la kuku kupita.

Asubuhi ya kwanza alisimama penye ua, akainama kidogo, akaanza kupiga makofi taratibu, "Mwakeye, mwakeye." Mimi nikadhani ndiyo shikamoo ya kwao, tena mwanamke mwenyewe rika langu, nikajibu kwa sauti ya bibi: "Marahaba, mwanangu." Alicheka mpaka akashika michongoma kwa bahati mbaya. Kumbe ananiuliza tu kama nimeamka salama. Siku hiyohiyo aliniletea muhogo, na jioni tukawa tumeshagombana.

Tuligombana juu ya herufi. Aliniuliza kama nimekwisha kusali, nikamsahihisha kwamba mimi nimeswali. Kazi yangu ni kusahihisha, siwezi kujizuia. Akasema, "Yaani mwalimu, mimi nasali, wewe unaswali, na ukuta wote uliopo katikati ni hiyo w?" Nikamwambia ukuta ni mkubwa kuliko hiyo w, akae nimweleze. Akakaa. Nadhani hakuinuka tena kwa miaka yote tuliyokaa pale.

Kila jioni alikuja na maharage yake kwenye ungo, tukawa tunachambua huku tunachambuana. Mafundisho yangu aliyajua upesi: kwamba Mungu ni mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa, na Nabii Isa ni mtume mtukufu, mwana wa Mariamu, basi. Ya kwake nami niliyajua. Ila kujua si kukubali. Siku moja alitaka kunifafanulia Utatu kwa mafiga. Akaonyesha jikoni kwangu: mafiga matatu, chungu kimoja, chakula kimoja. Nikamwambia ukitoa figa moja chungu kinapinduka, je, Mungu wake naye ni wa kupinduka? Akasema mfano ni mfano, usiubebe mpaka sokoni. Nikasema basi asilete mfano usiobebeka. Maneno yakapanda. Mimi hasira zangu ni za moto wa makuti, nikanyakua ungo wake, maharage yakiwa humohumo, nikaingia ndani na kufunga mlango.

Kesho yake makofi yale penye ua. Mwakeye, mwakeye. Hakutaja Utatu, alitaka maharage. Nilikuwa nimeshayapika, tukala pamoja na mawese juu, na kabla ya kunawa mikono akasema usiku amepata mfano mwingine.

Kulikuwa na wakati wahubiri wa pande zote mbili walikuja mjini, wakaweka vipaza sauti uwanjani kwa mhadhara. Tulikwenda pamoja, tukatandika khanga moja. Huyu anasoma Biblia ya wenzake kuwaumbua, yule anasoma Kurani ya wenzake kuwaumbua, na watu wanashangilia kama Simba na Yanga. Jirani yangu aliniinamia akasema hawa wanataka kushinda tu, hakuna anayemtaka mwenzake. Tukakunja khanga, tukaondoka.

Sisi tulitakana, na hapo ndipo palipouma. Mwanzoni nilibishana naye kwa sababu napenda kubishana. Baadaye nilianza kuamka alfajiri nikimfikiria. Huyu mwanamke anazalisha wake za watu bila kuchoka, mkimbizi akitokea kambini na homa anampokea kama ndugu yake, hasengenyi, haibi, kisha Siku ya Kiyama nikamkose? Niingie peponi, Mungu akinijalia, nitafute ua wa michongoma nisiuone? Nilimwambia hivyohivyo. Akanishika mkono, akasema yeye anafunga na kuomba kwa hofu ileile, ila katika hofu yake aliyekosekana ni mimi. Nilimwonea huruma, naye ananionea huruma, na hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kusogea hata unyayo mmoja.

Hata juu ya msalaba tulikuwa hivyo. Mimi nilishikilia kwamba Mwenyezi Mungu hawezi kumwachia mtume wake mikononi mwa maadui wamdhalilishe, alimwinua kwake. Yeye alisema Mungu aliyekubali kudhalilishwa ndiye pekee anayemwelewa, maana kazi yake yeye ni kushika watu wakiwa uchi na wanalia. Nilikasirika, kisha nikaona kitu ambacho sikumwambia: kwamba wote wawili tunampenda mtu yuleyule. Mimi namkinga asiuawe, yeye anamshukuru kwa kufa. Nilipaswa, nadhani, kulisema lile. Lakini nilijua angeliandika kama bao lake.

Krismasi aliniletea kuku akiwa hai, nimchinje mwenyewe ili jioni niweze kula kwake. Kwetu Tanga wanaume wangeguna mwanamke kuchinja, ila sheria hainikatazi, na kisu ninacho. Mchungaji wake alipokuja kula akauliza kuku kachinjwa na nani. Jirani yangu akajibu, "Kachinjwa na mtu anayemtaja Imana kabla ya kukata. Wewe ulimtaja kabla ya kuonja?" Imana ni Mungu, kwa Kiha, wanalitumia wote, wa msikitini na wa kanisani. Mchungaji alikula. Alikula vizuri tu.

Kisha wakamhamishia Kibondo. Tulidhani simu itatusaidia. Alinitumia jumbe za sauti ndefu, Kiswahili chake cha milimani kikipanda na kushuka, na mimi nikimjibu huku napepeta mchele. Lakini ubishi wa simu ni chai isiyo na sukari. Unasema hoja yako nzuri kabisa, halafu unasubiri mpaka kesho, na huoni uso wake ukikunjika. Jumbe zikaanza kuwa fupi. Nikamtania kwamba hoja zimemwishia. Akasema pumzi.

Binti yake ndiye aliyenipigia. Mama anakuulizia, njoo. Lami siku hizi imefupisha njia ya Kibondo, ila siku ile ilirefuka. Nilimkuta wodini, tumbo limemvimba na mikono imebaki mifupa. Mimi nilikuwa nimekuja na kusudio moja, sitaficha. Nilitaka kumwinamia sikioni nimtamkishe shahada. Maneno machache tu. Binti alikuwa ametoka kuchota maji ya moto, nikaona nafasi ndiyo hii.

Akanitazama. Akasema, "Mwalimu, najua ulichokuja nacho. Na mimi nilikuwa nakusubiri na cha kwangu."

Tulicheka. Mgonjwa wa kitanda cha pili alishangaa, maana watu hawacheki wodi ile. Alipopata pumzi tena akaniuliza swali ambalo miaka yote ya ubishi hatukuligusa. Aliniuliza kama nikisikia amekufa nitamwombea.

Ningeweza kusema ndiyo. Mtu mwingine angesema ndiyo, mgonjwa akalala. Lakini huyu tulikuwa hatudanganyani. Nikamwambia dini yangu inaniruhusu kumwombea akiwa hai, nimwombee uongofu, afya, kila kheri, mpaka pumzi ya mwisho. Akishakufa katika dini yake, sina ruhusa ya kumwombea msamaha. Nilipomaliza nilikuwa nalia kwa hasira, na sijui niliyemkasirikia.

Yeye hakulia. Akasema kwao pia, mtu akishakata roho hawamwombei, wamemaliza. "Basi tufanye haraka," akasema.

Tukaomba. Yeye kwa Kiha, mimi kwa Kiarabu kisha Kiswahili, wakati mmoja, mikono yangu imeshika ya kwake. Najua alichoniombea na yeye alijua nilichomwombea. Kila mmoja alikuwa anamvutia mwenzake kwake kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyetikisika. Nilirudi Kasulu na gari la jioni. Habari ya kifo ilinikuta darasani.

Mazishi yalikuwa Makere, kwa wazazi wake. Tulikwenda walimu kadhaa kwa gari la kukodi. Kando yangu alikaa mwalimu kijana wa shuleni kwetu, ustadhi, mpole, msomi wa dini kweli, wala si wa kelele. Familia ilikuwa imenituma niseme machache kwa niaba ya majirani, na njiani nilikuwa najaribu maneno yangu kwa sauti ndogo. Nikasema "marehemu". Akakohoa. Akaniomba radhi kwanza, kama mtoto mwenye adabu, kisha akanikumbusha kwamba lile neno si jina tu. Lina rehema ndani yake, maana yake ni aliyerehemewa. Kumwita hivyo mtu aliyekufa nje ya Uislamu ni kumwombea rehema, au mbaya zaidi, ni kudai amekwishaipata. Akanishauri niseme hayati.

Nikamuuliza toka lini ananifundisha Kiswahili mimi.

"Sikufundishi Kiswahili, mwalimu," akasema. "Nakukumbusha Kiarabu."

Nikamwambia hayati nayo ina uhai ndani yake, sasa anataka nimwite hai mtu aliye kwenye jeneza? Wenzetu gari zima wakacheka, hata yeye akatabasamu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikilisema neno hilo tangu utotoni, nimelisahihisha katika insha za wanafunzi, wengi wanaliandika "malehemu", na sikuwahi kulifungua nione kilichomo. Kijana alikuwa sahihi. Nilijua yuko sahihi tangu alipokohoa. Nikaegemea dirisha, nikawa nalitafuna lile neno mpaka Makere.

Walikuwepo watu wengi. Kina mama aliowazalisha walikuja na watoto mgongoni. Kwaya iliimba, mchungaji akahubiri kwamba dada yetu amefika, hana haja tena na maombi yetu, tujiombee sisi. Alisema lilelile aliloniambia jirani yangu mwenyewe wodini. Nikawaza, kanisani kwake wamemaliza, na msikitini kwangu sina ruhusa. Anakwenda ardhini na hakuna kinywa hata kimoja cha kumtajia rehema, yeye aliyewatajia watu wote. Hapo nilimtamani kwa uchungu. Nilitamani ainuke aniambie hoja yangu ina kasoro wapi.

Mzee aliyeongoza ratiba akaniita. Nikashika kipaza sauti. Kijana wetu alikuwa mbele, kofia yake mikononi, ananitazama kwa wema. Sikuwa nimekata shauri.

"Marehemu alikuwa jirani yangu," nikasema.

Hakuna aliyeshtuka. Kwa watu wote wale lilikuwa neno la Kiswahili tu, la kwenye matangazo ya redio. Kijana peke yake aliinamisha kichwa. Nikasema marehemu alipenda maharage. Nikasema marehemu alikuwa mbishi, na kwamba marehemu hakushindwa na mimi hata siku moja, ingawa marehemu naye hakunishinda. Wanafunzi wangu nawakata alama kwa kurudia neno moja katika aya, na pale nilisikia walimu wenzangu wakinong'ona, mwalimu wa Kiswahili mzima leo kaishiwa na maneno. Nikaendelea. Marehemu alikuwa akija penye ua asubuhi. Marehemu alinishika mkono Kibondo. Palipotosha "yeye" niliweka marehemu, pasipohitaji chochote niliweka marehemu, mpaka sentensi zikaisha nikawa nalitamka lenyewe tupu, marehemu, marehemu, na mzee wa ratiba akaja kunishika bega taratibu na kuchukua kipaza sauti, akidhani kilio kimenizidi.

Mimi nilikuwa sijamaliza.