Upande Unaotazama Ukuta

Kwenye kliniki ya meno, chumba cha mwisho kabisa ambako wagonjwa hawafiki, ndiko anakokaa mwanamke ambaye wenzake wamempachika jina la Mama Meno. Yeye hang'oi wala hazibi. Anaunda meno ya bandia: anayeyusha nta, anamimina plasta, anapanga jino baada ya jino mpaka kinywa cha mtu asiyemjua kikamilike mezani pake. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili, na muda wote huo ana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kuona kitu akakiacha bila kuuliza kimeshikanaje.

Ugonjwa huo ndio uliomwingiza kwenye meli. Siku moja alikwenda maktaba kutafuta kitabu cha kutengeneza kabati la jikoni, mkono ukaangukia kitabu kikubwa cha michoro ya meli za zamani za matanga, zile za milingoti mitatu. Akasimama nacho katikati ya rafu. Kamba zilikuwa nyingi kama nywele. Akaanza kuzihesabu kwa kidole, akafika mia na ushee, akapotea, akaanza upya.

"Dada, kuna nini humo?" mkutubi akamuuliza.

"Nataka kujua kamba zote hizi za nini. Haiwezekani kila moja ina kazi."

"Na kama inayo?"

"Basi aliyezifunga alinizidi akili, na hilo silikubali hivihivi."

Kila moja ilikuwa na kazi. Ilimchukua mwaka kuanza kuelewa, na njia pekee aliyoiona ya kuelewa zaidi ni kuijenga meli yenyewe, ndogo, ya urefu wa mkono wake. Mtaani kwake hapakuwa na duka la vifaa vya kazi hiyo. Mbao alizipata kwenye masanduku mabovu ya matunda, akazichana ziwe fito bapa, nyembamba kuliko rula. Kamba zilikuwa uzi wa kushonea, aliouvuta kwenye kipande cha nta ili manyoya yake yalale. Mafundo aliyajaribia kwenye msumari kwanza, akitumia vichokonoo vya chuma vya daktari wa meno vilivyokwisha makali.

Shughuli ilikuwa kwenye kupinda. Ufito aliulowesha kwenye maji ya moto, kisha akaukumbatisha taratibu kwenye ubavu wa sufuria iliyokuwa jikoni inachemka. Wa kwanza ulivunjika. Wa pili nao ukavunjika. Wa saba ukakubali, ukalala kwenye sufuria kama mkanda kiunoni, na Mama Meno akazunguka nao nyumba nzima kuuonyesha.

Nyumba nzima ilikuwa ni mume wake peke yake, fundi wa majokofu ambaye kila mtu anamwita Fundi Barafu.

"Hongera," alisema, akiugeuzageuza mkononi. "Umefaulu kuharibu ubao ulionyooka."

Mwaka wa pili maktaba ikafanyiwa ukarabati, na chumba cha kusomea kikapata kabati la kioo. Mkurugenzi alitaka lijazwe vitu vya kuagizwa kutoka mbali, vya kupendeza wageni. Mkutubi akasimama kikaoni na kupinga. Alisema kuna mwanamke mtaa wa pili anayejenga meli kwa kusoma vitabu vya maktaba hiihii. Kwa nini waagize maajabu na maajabu wanayo? Tumezoeshwa vibaya, alisema, kudhani kwamba kitu kizuri lazima kitoke kwa watu wengine. Akabishana mpaka akashinda, kisha akampigia simu Mama Meno.

"Jumamosi ya ufunguzi ni wiki tatu kutoka leo. Nafasi yako ipo, katikati kabisa ya kabati. Usiniangushe, dada, sauti imenikauka kwa ajili yako."

Furaha ikaleta haraka. Mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, ulikuwa tayari na mbavu zake zote zimesimama. Kilichobaki ni kuivika fito. Akaanza na upande wa kulia, na kwa kuwa mkono ulikuwa umechangamka, akaumaliza wote, kutoka chini hadi juu, kabla hajagusa kushoto. Uling'aa. Siku mbili baadaye gundi na mbao zilipokauka, aliitazama meli kwa mbele. Mkuku ulikuwa umepinda kuelekea kulia kama mtu aliyelalia ubavu mmoja.

Fundi Barafu akainama, akafumba jicho moja.

"Mama, hii ni meli au ndizi?"

"Usinicheke."

"Sicheki. Nauliza tu inakwenda wapi, maana majini itazunguka palepale kama mbwa anayetafuta mkia wake." Alipomwona mkewe hatabasamu, akaacha mzaha. "Sikiliza. Kabati si limegandana na ukuta? Upande huu umekamilika na unapendeza. Upe watu huo. Wa kushoto utazame ukuta. Ukuta hauna maneno."

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anamwokoa mkewe. Tena alisema kweli. Mama Meno aliiweka meli juu ya rafu, ubavu mzima kwa mbele, akarudi nyuma hatua tatu. Hakuna ambaye angegundua. Ni majengo mangapi yamepakwa rangi upande wa barabara tu, nyuma yakaachiwa wanaoishi humo? Angeweka milingoti, angefunga kamba, na mkutubi asingeaibika. Akakubali. Ila lile swali lake halikukubali: imepindaje?

Jibu lilimfikia kazini siku nne baadaye, akidondosha nta kwenye fizi za bandia. Tone kulia, tone kushoto, tone kulia. Mkono ukasimama hewani. Nta ikipoa hunywea, na ikinywea huvuta. Ukiimimina yote upande mmoja, meno yote yanahama. Jambo hilo alilijua kuliko jina lake. Na ufito uliolowa je? Hukauka, hunywea, huvuta. Yeye alikuwa amefunga fito ishirini zinazovuta upande mmoja, upande wa pili hakuna hata mmoja wa kuzizuia!

"Mjinga mkubwa we," aliyaambia yale meno, akacheka peke yake.

Na alipokwisha kujua, ule upande wa ukutani ukawa haufichiki tena. Jioni hiyo alichukua mabaki ya mbao aliyoyagandisha kwa gundi ileile, akajaribu kuyabandua kwa maji ya moto, kwa siki, kwa spiriti. Spiriti ikashinda. Akaanza kuivua meli, ufito mmoja mmoja, Fundi Barafu akitazama kama anayechunwa ngozi yeye.

"Zimebaki siku kumi na mbili!"

"Najua."

"Hutamaliza."

"Hilo nalo najua."

"Sasa?"

"Sasa shika hapa, usitikise."

Akashika. Kesho yake alikuja na kompresa mbovu ya jokofu, nzito kama dhambi, wakaulowesha mkuku na kuukandamiza nayo mpaka ukanyooka. Kisha wakaanza upya: ufito kulia, ufito kushoto, kusubiri ukauke. Tumbo la meli ni pana na ncha zake ni nyembamba, kwa hiyo kila ufito lazima upunguzwe kwenye ncha, la sivyo unampanda mwenzake. Fundi Barafu ndiye aliyeliona hilo, na akalisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa walikuwa na fito sita kila upande. Juu yake mbavu tupu. Hakuna mlingoti, hakuna kamba. Mama Meno akaibeba hadi maktaba.

Mkutubi akaiinamia. "Tulisema meli, dada. Umeniletea kapu."

Mama Meno akamweleza yote, bila kuacha ile hila ya ukutani.

"Ungeniambia mapema."

"Kweli. Hapo nimekukosea."

Mkutubi akazunguka meza, akachungulia mbele, akachungulia nyuma, akaingiza kidole kati ya mbavu mbili. Hasira ilikuwa bado usoni, lakini kidole hakikutoka.

"Hili kapu halitaeleweka likiwa kabatini," alisema mwishowe. "Nenda kalete jiko na sufuria yako."

Jumamosi katikati ya kabati pakabaki patupu, na meza ikawekwa katikati ya chumba. Mkurugenzi alifika na wageni wake, akasimama ghafla.

"Hii inaoza au inajengwa?"

"Inajengwa," alisema Mama Meno, akatoa ufito kwenye maji.

Watu wakasogea. Mpeleka barua akauliza kwa nini hakuna mbavu mbili zinazolingana. Mwalimu wa hesabu akataka kujua ufito unapunguzwa kwa kipimo gani. Fundi Barafu akamjibu kabla mkewe hajafungua mdomo. Mkurugenzi alikaa pembeni, akavumilia, kisha akashindwa, akakunja mikono ya shati na kuomba ajaribu. Aliukandamiza ufito kwenye sufuria kama anayegonga muhuri. Ukakatika paa!

"Chukua mwingine," Mama Meno alimwambia. "Wa kwanza kila mtu anauvunja. Huu usiusukume, usubiri ulegee wenyewe."