Cephas Aomba Miguu Imshinde

Cephas Omuga anakanyaga baiskeli isiyokwenda popote. Jasho linamtiririka, barakoa ya kupima pumzi imembana pua na mdomo, na machoni amevaa miwani mizito inayomwonyesha kilima cha kijani kana kwamba yuko hukohuko. Kumbe yumo katika chumba kimoja mjini Homa Bay, feni mbovu ikikwaruza darini.

Ghafla anaachia usukani kwa mkono mmoja, anaupeleka nyuma na kupapasa hewa.

"Shika mbele, Baba Achieng! Kaza, kaza!" anamhimiza Lorine, mtafiti kijana anayesimamia jaribio.

Mkono unarudi. Cephas anaendelea kupanda.

Ana miaka arobaini na minne, na kazi yake ni kuuza maji katika soko la Rodi Kopany. Hufunga mitungi mitatu nyuma ya baiskeli, kila mmoja shilingi ishirini, na siku ikiwa njema hurudi nyumbani na mia nne. Watafiti walipopita sokoni wakitafuta watu wazima wenye afya, waliiona miguu yake wakasema huyu ndiye.

Wanataka kujua kama picha za miwani humsahaulisha mtu uchovu. Mara ya kwanza Cephas alikanyaga bila miwani mpaka akainua mkono, hoi. Leo, akiwa nayo, amepita pale alipokomea na kwenda mbele sana.

"Ile siku ulidhani umeisha," Lorine anamwambia akimvua miwani, uso umejaa furaha. "Lakini miguu ilikuwa bado iko na power. Ni akili tu ilikuambia wacha."

Afadhali angemtukana. Cephas anaketi sakafuni na kujifunika uso kwa taulo. Lorine anadhani ni uchovu.

Miaka sita iliyopita, wakati wa masika, mimba ya mkewe Awino iliharibika na damu ikakataa kukatika. Barabara ilikuwa tope tupu, hakuna mwenye pikipiki aliyekubali kuingia. Cephas alimpakia kwenye baiskeli ampeleke hospitali, akamfunga kwa leso mgongoni pake, mkono mmoja nyuma kumshikilia asianguke. Kwenye kilima kabla ya Rodi Kopany, miguu ikakataa.

"Nilishuka, nikamlaza kando ya barabara. Akaniambia, 'Pumzika kidogo, Baba Achieng.' Nikapumzika. Yawa, nikapumzika!"

Alipomwinua tena, Awino alikuwa amekwisha kukata roho.

Tangu siku hiyo ni kitu kimoja tu kilichomwezesha kulala: aliamini kwamba alikuwa ametoa nguvu zake zote. Sasa hicho nacho amenyang'anywa. Watafiti hawakukusudia ubaya, lakini msumari wa moto juu ya kidonda hauulizi nia.

Lorine alipoambiwa habari hiyo alilia. Akajitahidi kumweleza kwamba kukanyaga chumbani si sawa na kumbeba mgonjwa matopeni, na kwamba hakuna mashine inayoweza kuipima siku ile. Cephas alimsikiliza kwa heshima, akamshukuru. Haikumwingia.

Siku hizi hapumziki tena pale kilimani. Amezidisha mzigo, mitungi minne badala ya mitatu, na wenzake wanamtania kwamba anatafuta utajiri.

"Nataka kilima kinishinde," anasema. "Lakini kila siku nafika juu. Nikifika juu ndio nalia."

Alhamisi anarudi Homa Bay kwa jaribio la mwisho, tena na miwani. Amemwomba pasta wake amwombee, bila kumwambia ni kwa jambo gani.

"Lorine ataniambia kaza, na nitakaza, siwezi kumdanganya huyo mtoto," anasema akivuta kamba ya mitungi. "Lakini naomba Mungu miguu ikatae hapo katikati ya kilima. Ikikataa hapo, basi hata siku ya Awino ilikataa kweli."