CD Zilizofukuza Ndege Shambani kwa Susu

Kabla wimbo haujaanza, diskimeni yangu, mashine ndogo ya mkononi ya kuchezea CD, hulia kwanza. Ni mlio mdogo wa CD inapoanza kuzunguka, ssss, kama mchele unaomiminwa polepole kwenye sufuria, halafu kimya kidogo, halafu ndipo sauti za watu huja. Kile kimya ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kwenye kibanda ninachoshonea sare za shule hapa Mwingi, wasichana wenzangu wana simu zinazoimba kutwa nzima bila kupumua, na spika ya kuchaji iliyokaa juu ya kabati kama bibi harusi. Wakiniona nafungua kifuniko, napuliza vumbi na kuishika CD kwa vidole viwili, hawanyamazi. "Mwende, hiyo kitu ulirithi kwa nani, kwa Nuhu?" Mimi hucheka nao. Huwaambia kwamba siku nitakapofungua duka langu la nguo za harusi, lenye kioo kikubwa mbele na taa za rangi, diskimeni hii nitaiweka dirishani ikiwa imevalishwa shela. Wanadhani natania. Sitanii sana.

Nililelewa na Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya katika Kikamba, nje kidogo ya Tseikuru, mahali ambapo mbuzi ni wengi kuliko watu na wote wanajuana. Nilikuwa bado mdogo shuleni mama alipokwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba. Kabla ya hapo alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisa letu, na kwaya hiyo iliwahi kwenda kurekodi, ikarudi na CD ambazo zilisifiwa hadi kwa watu wasiokuwa na mashine ya kuzichezea. Sisi tulikuwa miongoni mwao. Mama aliweka zake kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, akaniambia katika mojawapo kuna wimbo ambao anauanza peke yake, wengine wanamfuata. Mwanzoni alikuwa akipiga simu ya jirani, nasi tunapanda kilimani kutafuta mtandao na kupokezana maneno mawili matatu. Kisha simu zikakoma. Baadaye sana tulikuja kujua kwamba mwajiri wake alimnyang'anya simu, lakini wakati huo hatukujua lolote, na Susu alianza kuomba kwa sauti ya chini ili nisisikie anachoomba.

Sasa nikaanza kusahau sauti yake. Mikono yake niliikumbuka, harufu ya mafuta yake niliikumbuka, hata namna alivyofunga leso huku akiuma ncha moja kwa meno. Lakini nikifumba macho nimsikie akiniita, aliniita kwa sauti ya Susu. Hilo lilinitisha kuliko nyoka. Nilimwambia mtu mmoja tu, binamu yangu Kioko, aliyekuwa akibeba magunia katika duka la nafaka hapa Mwingi na ambaye alikuwa amejinunulia diskimeni kuukuu kwa fundi mmoja. Hakunicheka. Alisema, "Nikikuja kusaidia mtama nitakuja nayo. Utasikiza mama yako mpaka uchoke."

Basi nikaungoja mtama ukomae kama watoto wengine wanavyongoja Krismasi. Harufu yake naijua mpaka leo, harufu ya vumbi tamu na majani yaliyochomwa na jua. Mwaka huo ndege walikuja kama moshi, vidude vidogo vyenye midomo myekundu, vikitua kwenye suke moja vinaliacha tupu kabla hujaokota jiwe. Mimi na Susu tulishinda shambani tukipiga debe na kurusha mawe kwa kombeo mpaka mabega yakauma. Kisha asubuhi moja nilikuta amenitangulia na kufunga kamba za mkonge kutoka mti hadi mti, na juu ya kamba ametundika CD nyingi zinazozunguka na kumeta. Ndege wakitaka kutua, mwanga unawapiga machoni, wanageuza. Nilizipenda sana zile CD! Jioni jua likiwa chini zilitupa madoa ya rangi juu ya mtama, nami nilikuwa nikisimama katikati na kujifanya niko kwenye harusi ya watu wa mjini. Susu aliniambia ni takataka alizoacha mjomba wangu, nami nikaamini.

Kioko alifika na diskimeni ikiwa imefungwa ndani ya fulana. Sikumpa hata nafasi ya kunywa chai. Nilivuta sanduku la mama, nikafungua. Ndani mlikuwa na leso, viatu vya mama vya Jumapili, na hewa.

"Susu!" nikaita. "CD zilizokuwa hapa ziko wapi?"

"Zile sahani?" Susu alijibu kutoka jikoni, bila wasiwasi wowote. "Si ziko shambani zinafanya kazi."

Sikulia. Nilikaa tu pale chini. Kioko ndiye aliyemweleza Susu kilichokuwa ndani ya moja ya zile sahani, polepole, kwa Kikamba, na nilimwona Susu akijipangusa mikono kwenye leso tena na tena ingawa ilikuwa mikavu. Hakuwa amewahi kuona CD ikiimba. Mama alimwachia sanduku, hakumwachia maelezo. "Aiya," akasema mwishowe. "Kwani sauti ya mtu inakaa kwa kitu kama hicho? Twende."

Shida ni kwamba zote zilifanana. Maandishi ya kalamu yalikuwa yamekwisha kwa jua na umande, na CD za mjomba zilikuwa zimechanganywa humo humo. Tena hatungeweza kuziteremsha zote kwa pamoja, kwa kuwa ndege walikuwa kwenye miti ya pembeni wakitutazama kama watu wanaosubiri kupakuliwa. Susu akatoa amri: moja inateremshwa, inajaribiwa, inarudi kwenye kamba, ndipo nyingine ishuke. Yeye akashika debe. Kioko akashika diskimeni. Mimi nikavaa visikilizio vya masikioni na kuwaambia kila nilichosikia. Ya kwanza ilikuwa mahubiri. Nyingine ilikuwa ngoma za harusi. Nyingi zilikuwa za filamu, zinazunguka tu bila kusema kitu, na kila ikizunguka bure betri zinazidi kuchoka. Hatimaye mashine ikazima kabisa. Kioko alizitoa betri, akaziuma kwa magego, akazilaza juu ya jiwe lenye moto, nasi tukakaa kuzitazama zikiota jua.

"Zikikataa?" nikauliza.

"Hazitakataa," alisema Kioko. "Zinajua ni nani anangojewa."

Tulipozirudisha mashine ikaamka, kwa unyonge. CD tuliyokuwa tumefikia ilikuwa imekwaruzika vibaya, upepo uliigonga kwenye mti kila siku. Nikasikia ssss, kisha kimya, kisha mwanamke mmoja akaanza peke yake: *Nimefika mlangoni, nifu, nifu, nifu, nifu.* Ilikwama hapo kwa muda, kisha ikaruka na kuendelea, *ngulie Baba.* Nilijua kabla sijafikiri. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko ya Susu na ilikuwa na tabasamu ndani yake. Nikatoa kisikilizio kimoja nikampa Susu.

Alikiweka sikioni akiwa bado ameshika debe. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyeguswa begani na mtu asiyemwona. Debe likashuka, likafika chini. Ndege wakaona, wakaja. Walitua kwenye mtama mstari baada ya mstari, kelele tupu, na Kioko akaruka kuwafukuza huku akipiga makofi, lakini Susu, ambaye angekugombeza kwa kuangusha punje moja njiani, alimwinulia mkono. "Waache wale," akasema. "Binti yangu anaimba."

Tuliusikiliza mpaka betri zikafa tena. Kioko aliporudi Mwingi aliniachia diskimeni, akasema yeye atasikiliza magunia. Mimi na Susu tuliujifunza wimbo ule kwenye CD ile, na kwa kuwa hatukuwa na pengine pa kuusikia, tuliujifunza pamoja na kukwama kwake. Hata kanisani Susu alikwama palepale, kwa nguvu, na wanawake waliokaa nyuma yake wakaanza kumfuata.

Mtama wa pili ulikuwa umeshaingia ghalani siku tuliyokuwa ndani tukichambua ndengu, mlango umefungwa kwa ajili ya vumbi. Mtu akasimama nje. Hakupiga hodi, aliimba: "Nimefika mlangoni..." Nasi bila kufikiri, midomo yetu ikajibu kwa pamoja, "nifu, nifu, nifu, nifu!"

Nje kukawa kimya. Kisha mama akasema, "Nyinyi watu, wimbo wangu mmeufanya nini?" Hakuna aliyeweza kusimama kumfungulia. Aliusukuma mlango mwenyewe, na ndengu zote zikamwagika.

Majuzi Kioko alinitumia wimbo huo kwa simu, mtu fulani ameusafisha na kuuweka mtandaoni. Ni mzuri kweli. Niliusikiliza mara moja kibandani, wenzangu wakausifu. Lakini ulipofika mlangoni ulipita moja kwa moja, ukaingia na kuketi bila kungoja mtu, nami nikabaki nje nikikwama peke yangu. Simu ina nyimbo nyingi kuliko nitakazowahi kusikia, na sizilaumu. Ila hakuna hata mmoja kati yazo ambao niliwahi kuutafuta shambani. Mwisho wa mwezi napanda gari kwenda Tseikuru, diskimeni ikiwa ndani ya fulana. Nikifika sipigi hodi. Naanza ule mstari, nanyamaza, nasikia kile kimya kidogo. Kisha ndani sauti mbili, moja ya kizee na moja nyembamba, zinakwama kwa pamoja.